Ngata Kwenye Kiti cha Mama

Asalaam aleikum kwa waliotoka msikitini, Bwana asifiwe kwa waliotoka kwaya, na muraho kwa wale waliokuja kwa sababu wamesikia kuna chai. Maman mwenyekiti amenipa nafasi ya kutoa ushuhuda kwa masharti mawili: nisitaje jina la mtu, na nisichekeshe. La kwanza nitalishika.

Mimi ni msichana wa mwaka wa tano wa sekondari, hapa hapa Kamembe. Sijawahi kuumwa kitu kikubwa kuliko malaria. Aliyeumwa ni mama yangu, yule pale mbele mwenye mtandio wa kijani, na leo alikuwa aseme mwenyewe. Asubuhi akaniambia, "Mimi nimesema na madaktari mpaka nimechoka. Sema weye, mdomo unao." Ameniruhusu kusema haya nitakayosema, na ameniambia pia yale nisiyotakiwa kuyasema. Kwa hiyo mkiniona namtazama katikati ya maneno, mjue nimefika forodhani.

Lakini ushuhuda huu una wagonjwa wawili. Mama alikuwa na kansa. Mimi nilikuwa na wivu. Ugonjwa wake ulikatwa. Wangu, ndugu zangu, nawaambia ukweli, bado naupeleka kliniki.

Tulikuwa wawili tu nyumbani. Papa alifariki mimi ningali mgongoni. Mama ni mshonaji: chumba cha mbele cherehani, chumba cha nyuma kitanda kimoja, na kitandani mama na mimi. Nimelala na mama yangu mpaka miaka kumi na minne, na sioni haya kulisema mbele ya watu. Wengine mlikuwa na baba, shamba na ng'ombe. Mimi nilikuwa na ule upande wa ukutani.

Kisha akaja mgeni kutoka Nyakabuye. Ni mtoto wa mama mkubwa, yaani kwa desturi yetu ni dada yangu, wala sina ruhusa ya kumwita kingine. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, ameshamuuguza mama yake mpaka akamzika, na amekuja kujifunza kushona. Mimi nikamwita Mheshimiwa. Hilo si jina, Maman mwenyekiti, ni cheo. Yuko mstari wa pili, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Wiki ya pili mama akaniambia nichukue mkeka wangu nikalale chumba cha mbele, katikati ya mafurushi ya vitambaa.

"Kwa nini?"

"Umekuwa mkubwa."

"Na yeye je? Eko mutoto mchanga?"

"Yeye ana usingizi mwepesi," mama akasema, kama vile usingizi mwepesi ni diploma.

Basi Mheshimiwa akachukua ukuta wangu. Tangu siku hiyo mlango wa nyuma ukawa unafungwa. Linaingia beseni la maji ya moto na chumvi, unafungwa. Inaingia sufuria ya mubirizi, yale majani machungu ya dawa, iliyochemka mpaka nyumba nzima inanuka uchungu, unafungwa. Nikigonga, sauti inatoka: "Ngoja!" Nyumba niliyozaliwa, naambiwa ngoja na mtu aliyekuja juzi na mfuko wa mihogo.

Na Jumamosi ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Jumamosi wawili hao walipanda gari kwenda kwenye maji ya moto, yale yanayobubujika ardhini kule upande wa Bugarama. Mnayajua. Watu wanaenda na migongo yao, na baridi yabisi yao, na mayai ya kuchemsha. Mimi nabaki na duka. Wakirudi wamelowa nywele, mama anatembea polepole, Mheshimiwa amebeba mchele wa Bugarama na maembe. Nilikula mchele ule kwa hasira. Nilikula sahani mbili mbili kwa hasira.

Nikaanza uchunguzi. Nikaona mama ameacha kukaa kama watu wanavyokaa. Mheshimiwa alikuwa amemtengenezea ngata, ile duara ya nguo mnayoweka kichwani mkibeba ndoo, ila kubwa, nene, imeshonwa vizuri. Ngata ikahama kutoka kichwani ikaja kwenye kiti cha cherehani. Mama haiachi. Akienda harusini, iko ndani ya mfuko. Nikajiambia: humo ndani kuna kitu. Kuna pesa, au karatasi za nyumba, na kila kitu kimeandikwa kwa jina la Mheshimiwa.

Alasiri moja nikaweka sikio mlangoni. Mheshimiwa alikuwa ananong'ona, "Mama mdogo, umwambie. Eko mutoto wako." Mama akajibu, na maneno haya naweza kuyasema usingizini: "Yule? Mdomo yake iko radio. Akijua leo, kesho bantu ba Kamembe yote banacheka."

Nilirudi kwenye mafurushi yangu nikakaa. Mimi sikujua kuna ugonjwa. Nilichosikia ni kwamba kuna kitu na mimi sifai kukijua.

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika. Jumamosi moja hawakwenda majini kwa sababu bibi harusi alikuja kujaribu gauni, na mashangazi na marafiki, duka limejaa. Mama alikuwa chumba cha nyuma anatafuta lesi. Mimi nikaona nina hadhira. Nikachukua ngata, nikaiweka kitini, nikakaa kwa upande mmoja, nikakunja uso kama mtu aliyekalia pilipili. Halafu nikainuka nikatembea kama mama alivyokuwa anatembea siku zile, miguu mbali mbali, polepole, bata aliyetoka Kivu na anahofia kuingia barabarani. Shangazi mmoja alianguka kwenye vitambaa kwa kucheka. Nikarudia. Nikaongeza sauti: "Mheshimiwa, niletee maji yangu ya motooo!"

Nilipogeuka mama alikuwa amesimama mlangoni, na futi ya kupimia shingoni.

Akacheka. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, alicheka pamoja nao. Akasema, "Unaniweza," akapita akaenda kupima kiuno cha bibi harusi. Mheshimiwa hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyomwagika.

Miezi ikapita. Ulipofika wakati wa kuvuna mpunga, Mheshimiwa akaitwa kwao kwa wiki moja. Ndugu zangu, niliimba. Gari halijakata kona na mkeka wangu uko tayari chumba cha nyuma. Mama akaurudisha mbele, bila ugomvi, akafunga mlango. Yaani mshindani hayupo uwanjani na bado nafungwa!

Kesho yake mama alipotoka kwenda kununua uzi, alisahau ngata kitini. Nikachukua wembe wa kufumulia mishono nikaichana.

Hamkuwa na pesa wala karatasi. Mlikuwa na pamba, na ndani ya pamba kitenge cha zamani cha njano chenye picha za ndege. Kitenge kile nakijua. Tuna picha moja tu ya utoto wangu, na kwenye picha ile mimi niko mgongoni kwa mama, nimefungwa na ndege wale. Kilikuwa kimekuwa laini kama sikio. Nikakigeuza. Upande wa chini kulikuwa na doa, damu na kitu kingine, na harufu niliyokuwa naisikia kwenye beseni na kudhani ni mubirizi.

Mama akaingia. Mteja alikuwa anamngoja nje. Akatazama kiti, akatazama mikono yangu. Akajaribu kukaa kwenye mbao, akasimama upesi, akashika ukuta.

"Mama, unaumwa?"

"Kichwa," akasema.

"Mama, muntu hakalii kichwa."

Lilitoka lenyewe, wallahi, sikulipanga. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio. Sikuwahi kumwona mama analia. Hata yeye ilimshangaza. Nikaenda nikamwambia mteja arudi kesho, cherehani imekufa.

"Kuna kidonda," mama akasema. "Kule."

"Kule wapi? Bukavu?"

Akanipiga na futi. Kisha akaniambia. Kilianza kama mwasho, zaidi ya miaka miwili nyuma. Akadhani ni sabuni, ni joto, ni kukaa kutwa nzima kwenye cherehani, ni umri. Akabadilisha sabuni. Ngozi ikawa nyeupe, ikawa ngumu, ikachanika. Akapaka, akakalia mvuke, akaenda kwenye maji ya moto Jumamosi baada ya Jumamosi, na yakamuunguza zaidi. Lakini kuna jambo ambalo nyinyi mama zangu mtalielewa kuliko mimi. Kituo cha afya alikuwa amekwenda. Mara nne! Kila mara anafika dirishani, nyuma yake kuna foleni, na kwenye foleni kuna mwanamke aliyevaa blauzi aliyoishona yeye, na mzee wa msikiti, na jirani. Kijana wa dirishani anauliza kwa sauti, "Maman, unaumwa nini?" Na mama anajibu, "Kichwa." Anapewa vidonge vya kichwa. Alinionyesha kopo la biskuti. Vidonge vya kichwa vimejaa mpaka juu. Kichwa hakijawahi kumuuma.

"Na mimi? Kwa nini hukuniambia mimi?"

Alikuwa anakunja kile kitenge. "Niliogopa utacheka."

Kesho yake sikwenda shule. Tukaenda kituoni. Foleni ile ile, na blauzi mbili za mama ndani yake. Kijana akauliza. Mama akafungua mdomo, nikasikia herufi ya kwanza ya kichwa inatoka, nikaingiza kichwa changu mimi dirishani.

"Tunataka nesi mwanamke na chumba chenye mlango. Ugonjwa tutausema ndani."

"Lazima niandike hapa."

"Basi lete kalamu."

Nikaandika mwenyewe: kidonda sehemu za siri, zaidi ya miaka miwili, kinatoa damu. Mimi, radio ya Kamembe, kwa mara ya kwanza nimepewa habari kubwa na sikuitangaza. Kijana akasoma. Akafunga mdomo, akainuka mwenyewe kwenda kumwita nesi. Simlaumu kijana yule. Hakuna aliyewahi kumwambia kitu zaidi ya kichwa.

Nesi akaja, mlango ukafunguliwa, nikapiga hatua. Mama akaniwekea mkono kifuani. "Weye baki hapa." Mlango ukafungwa, nikabaki kwenye benchi. Nikamwonea wivu nesi, ndugu zangu. Alikuwa hajamaliza dakika mbili na mama yangu, na ameshaona kilichonihamisha kitandani.

Alipotoka hakuwa na uso wa kuogopesha, lakini aliandika polepole sana. Akatupatia barua ya kwenda hospitali. Kule walikata kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa kupimwa, tukangoja wiki nyingi. Jibu lilipokuja, daktari alilisema kwa jina lake na mimi nitalisema kwa jina lake. (Nimemtazama mama. Nimepita forodha.) Ilikuwa kansa ya vulva. Yaani sehemu ya nje ya mwanamke, mashavu ya uke. Siyo ile ya mlango wa kizazi mnayoisikia kwenye mikutano. Hii ni nadra, na kwa sababu ni nadra watu wanaiita mwasho, wanaiita fangasi, wanaiita uchawi, wanaiita kichwa. Mama aliuliza swali moja tu: "Nani mwingine anayo hapa?" Daktari akasema mwaka ule hakumbuki mwingine. Mama akaniambia njiani, "Unaona? Hata ugonjwa nimeshonewa kwa kipimo changu."

Ikabidi twende Kigali kwa upasuaji. Garde-malade, yule wa kulala karibu na mgonjwa na kumwosha, anaruhusiwa mmoja. Nikafunga begi langu. Nikaweka na daftari. Mama akamwita Mheshimiwa.

Asubuhi ya safari, kwenye stendi, nikalipuka. Nilimfuata Mheshimiwa nyuma ya basi nikamwambia yote: ukuta wangu, mchele, Jumamosi, kila kitu. "Mimi ndiye nimetoka tumboni mwake! Mimi nimempeleka! Weye ulimpeleka wapi? Kuoga!"

Aliningoja nimalize. Yule hana haraka hata akitukanwa. Akasema, "Ndiyo, wewe ndiye mtoto. Unakumbuka siku ya bibi harusi? Jumatatu yake alikuwa aende hospitali. Nilikuwa nimembembeleza mwezi mzima, akakubali. Ulipomwigiza, akavua viatu akaketi kitandani akasema: hata mutoto wangu ameona ninavyotembea, basi bantu bote bameona. Siendi. Miezi mitatu, dada. Nilihesabu."

Kisha akapanda basi.

Nilitembea kwa miguu kutoka stendi mpaka nyumbani, na nilitembea miguu mbali mbali, sijui kwa nini, mpaka nikajishtukia.

Kitu kimoja tu nilikuwa nimefanya sawa. Jioni ya kabla ya safari niliishona upya ile ngata, ambayo mama alikuwa anaikalia imefungwa kwa kamba tangu nilipoichana. Nikafua kitenge cha ndege, nikabadilisha pamba, nikapiga mshono mara mbili. Mama alipoipokea aliigeuza akakagua kama anavyokagua kazi za wanafunzi wake, akapitisha kucha kwenye mshono, akasema, "Mm." Kwa mama yangu, "mm" ni medali. Akaikalia msitu mzima wa Nyungwe mpaka Kigali.

Nilibaki nyumbani na shule na cherehani. Nilishona suruali za sare, na kama kuna mzazi hapa ambaye mtoto wake mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine, Mungu akuzidishie subira. Nikawa nangoja simu.

Walimkata kidonda na nyama ya pembeni yake, na tezi za kwenye kinena pande zote mbili. Siku alipoweza kushika simu, nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa hotuba, nimeiandika. Nikasoma sentensi ya kwanza.

"Najua," mama akasema. "Mimi nilikuwepo mlangoni."

"Nilikupotezea miezi mitatu."

Nikasikia kikombe kinawekwa chini. "Ulinipotezea. Na mimi nilijipotezea miaka. Ungekuwa bubu ningetafuta sababu ingine." Halafu akasema, "Haya. Habari ya Kamembe?"

Basi nikawa radio kweli. Kila alasiri nikitoka shule nampigia namweleza nani amegombana na nani sokoni, mbuzi wa nani amekula lesi ya nani. Na yeye: "Usinichekeshe! Nyuzi zitakatika!" Alimuuliza daktari wameshona kwa mshono gani, na daktari alipoeleza, akamwambia yeye angekunja pindo kwanza. Baadaye ikaja mionzi, wiki tano na zaidi, kila siku isipokuwa mwisho wa wiki. Ngozi iliungua kama kwa jua kali, mkojo ulimchoma, alimwagiwa maji ya vuguvugu taratibu kila akienda chooni. Na aliyemwagia alikuwa nani? Mstari wa pili. Ndiyo. Nilikuwa nawasikia nyuma ya simu wanacheka kitu chao, na hata kwa ajili ya maji ya chooni nilikuwa naona wivu. Nawaambieni mjue wivu hauna akili. Kuna siku niliuonea wivu ugonjwa wenyewe. Ulikuwa unalala karibu na mama.

Alirudi. Mguu wa kushoto huvimba jioni kwa sababu tezi ziliondolewa, anaufunga bendeji na kuuweka juu ya furushi. Hakai kutwa kwenye cherehani, anakata na wengine wanashona. Daktari hasemi kwamba imekwisha. Anasema hakuna kinachoonekana, na kila baada ya miezi mitatu tunaenda aseme tena hivyo hivyo.

Nashukuru. Namshukuru nesi aliyefunga mlango. Namshukuru dereva aliyempa mama kiti kizima cha nyuma alale ubavu wakati wa kurudi. Mama zangu mlioleta ugali na hamkuuliza "kule" ni wapi, nawashukuru. Na Mheshimiwa: dada, nimelisema mbele ya watu, usiniombe nirudie. Ulimshika mama yangu wakati mimi nilikuwa namwigiza. Nakushukuru, na bado nakuonea wivu, na vyote viwili ni kweli.

Somo langu ni dogo. Ukifika dirishani, usiseme kichwa. Ukishindwa kusema, andika. Ukishindwa kuandika, chukua mtoto mwenye mdomo. Na wewe mtoto mwenye mdomo, kabla hujaigiza mwendo wa mtu, muulize kwanza anatembea hivyo kwa nini.

Nakaribia kukaa. Mheshimiwa anaolewa, gauni lake liko juu ya meza yetu sasa hivi. Na daktari alisema ile sehemu itazamwe kila mwezi, kwa kioo na mwanga mzuri, kuona kama kuna doa jipya au ngozi iliyobadilika. Kazi hiyo ilikuwa ya Mheshimiwa. Ijumaa iliyopita mchana nilikuwa chumba cha mbele nafumua suruali niliyoikosea. Mlango wa nyuma ukafunguka. Nikasubiri kusikia jina la mwenzangu.

"Weye," mama akasema. "Osha mikono. Lete tochi."

Nikaosha mikono mara tatu. Nikaingia, nikafunga mlango.

Tuliyoyaona na tuliyoyasema humo ndani, mama zangu, siwaambii.